Leso Iliyokwenda Duka la Dawa

Aprili 2020, serikali ya Kenya ilipotangaza kwamba atakayekutwa hadharani bila barakoa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 20,000 au kufungwa miezi sita, bwana mmoja wa Majengo, Mombasa, alipiga hesabu ya haraka. Shilingi 20,000 hana, na miezi sita hana nafasi. Akaamua kujishonea.

Neno barakoa si geni pwani. Barakoa zilivaliwa Unguja na mabibi wa Kiarabu tangu zamani, zikiwa zimetiwa nakshi za kupendeza. Ya bwana huyu ilikuwa na malighafi nyingine: kipande kimoja cha doti ya leso ya mkewe, ambaye alikuwa kwa dadake na hakuulizwa, na lastiki iliyochomolewa kwenye kaptula iliyokwisha kustaafu.

Maelekezo yaliyokuwa yakizunguka yalikuwa mepesi: vipande viwili vya pamba, sentimita 25 kwa 15, vishonwe pamoja, kamba pembeni. Rula haikuonekana, akapima kwa shibiri. Mkono wake ni mkono wa kupakua magunia. Barakoa ikatoka na upana wa kufunika kidevu, pua na jicho moja na nusu. Akapunguza. Akaketi tena na sindano, kitambaa kimelala pajani, akashona kwa ustadi uliomshangaza mwenyewe. Alipoiinua kuipeleka usoni, kikoi nacho kikapanda. Alikuwa ameshona vyote pamoja.

Bahati watoto walikuwa nje.

Ya tatu ilikaa. Akaijaribu kwa mshumaa, kwani watu walisema ukiweza kuuzima kwa pumzi ukiwa umejifunika, kitambaa ni chepesi mno. Mshumaa ulizimika kwa pumzi ya kwanza. Dawa ya hilo alikuwa ameikalia: mfuko wa sokoni, ule wa mfano wa kitambaa ulioenea baada ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017. Mingi kati ya mifuko hiyo ni polipropilini isiyofumwa, na Juni mwaka huohuo wa 2020 Shirika la Afya Duniani likaitaja kuwa kitambaa kinachofaa kwa tabaka la katikati. Yeye aliutumia kutupia vitambaa alivyoviharibu.

Miwani ikaingia ukungu. Pumzi ya moto hupanda kupitia mwanya wa puani na mvuke wake hugeuka vitone vya maji kwenye kioo kilichopoa. Kinachotakiwa ni kijiwaya cha kubana pua. Akang'oa kile cha kufungia mkate, akakichomeka, akatoka kwenda duka la dawa kutafuta plasta ya vidole vyake vilivyodungwa.

Foleni ilikuwa ndefu. Alipojiunga nayo, wa mbele yake akageuka, akamtazama mdomoni, akapiga hatua tatu kando. Kisha mwingine. Njia ikafunguka hadi dirishani, akahudumiwa upesi kuliko siku zote, akarudi akiusifu ustaarabu wa watu wa Majengo.

Mkewe alikuwa amesharudi. Alikuwa amejifunga kipande cha pili cha doti, chenye jina lake zima: WIVU NI UGONJWA HAUNA DAWA. Akamwonyesha mumewe kioo bila kusema neno. Mdomoni, kwa herufi kubwa, mkasi ulikuwa umebakisha maneno mawili ya mwisho.

Doti mpya alidaiwa jioni ileile. Asubuhi jirani akabisha hodi: ana safari ya benki, na foleni za mwisho wa mwezi anazijua. Je, ile barakoa inaazimwa?