Sifa za Krediti Isiyovuka Mpaka

Hakuna kitu kisichovuka Salia Musala. Pale upande wa Koboko, ambako Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana, huvuka vitenge, sabuni, samaki wakavu, mbuzi na petroli ya madumu, na siku nyingine huvuka bibi harusi na ukoo wake wote. Kilingala huvuka na gitaa lake. Kiarabu cha Juba huvuka pekupeku. Kiswahili kilivuka zamani kikiwa na bunduki begani, tukakisamehe, leo tunakitumia kuandikia makala. Kimoja tu ndicho kinachosimama mpakani kwa heshima zake na kukataa kuingia hata kikibembelezwa: krediti ya chuo. Nimekusudia kuisifu, maana watu wanaitukana bure.

Wanaoitukana ni wanafunzi, na mwanafunzi ni mtu wa haraka. Amesoma miaka miwili ya uuguzi Juba, au ya uchumi Bunia. Vita vikamkuta, akatembea mpaka akafika kambi ya wakimbizi ya Imvepi au Rhino Camp, na sasa anataka kuingia chuo cha huku mwaka wa tatu, eti kwa kuwa ile miwili alishaisoma. Ofisi haimbishii. Inaomba transkripti tu. Transkripti ikiwepo, inaomba maelezo ya kila somo, yaani mada, saa, vitabu, na muhuri wa msajili kila ukurasa. Maelezo yakipatikana, inaomba barua ya chuo cha zamani inayothibitisha kwamba karatasi zile ni za kwao. Msajili wa chuo cha zamani naye alikimbia. Huenda yumo katika foleni hiyohiyo, watu watatu nyuma ya mwanafunzi wake, akitafuta kazi. Angeweza kushuhudia kwa mdomo, lakini mdomo hauna muhuri.

Asiyejua husema somo ni somo. La hasha. Hapa Uganda krediti moja ni saa 15 za darasani katika muhula, na saa mbili za maabara huhesabiwa moja. Tanzania krediti moja ni saa 10, ila humo zimo za mhadhara, za kujisomea, za mazoezi na za mtihani wenyewe, na shahada ya miaka mitatu inataka krediti 360. Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30. Kwa hiyo aliyemaliza mwaka wa kwanza Dodoma na krediti zake 120 akifika Arua, mtu akizitazama kwa macho ya huku atadhani kijana amehitimu akiwa safarini. Lazima azuiwe, kwa faida yake. Na huyu wa kutoka Kongo je, ambaye alama zake zimehesabiwa kwa ishirini? Hebu mfikirie dirishani, yeye na karani.

"Kijana wangu, takwimu umepata kumi na mbili?"

"Ndiyo mzee. Kumi na mbili kwa ishirini."

"Na hizo themanini na nane nyingine umeziacha wapi?"

Kipimo chenyewe kina nasaba tukufu. Mwaka 1905 Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, alitoa dola milioni 10 ili maprofesa wazee wapate pensheni. Taasisi aliyoiunda ilibidi iamue ni chuo gani kinastahili kuitwa chuo, ndipo mwaka 1906 ikaweka sharti: anayeingia awe amekusanya yuniti 14 za sekondari, na kila yuniti iwe saa 120 mbele ya mwalimu. Vyuo vilivyoitaka pensheni vikafuata. Elimu ikaanza kupimwa kwa saa ili wazee wapate kula uzeeni, na sababu bora kuliko hiyo siijui. Muuguzi wa Imvepi akiambiwa saa zake hazitoshi, ajue kwamba anashiriki kuwaheshimu wazee, jambo ambalo Walugbara na Wakakwa wa huku hawahitaji kufundishwa.

Tena tuliponea chupuchupu. Tangu 1949 Makerere ilishirikiana na Chuo Kikuu cha London, na vijana waliofanya mitihani juu ya kilima Kampala walitunukiwa shahada za London. Elimu ilivuka bahari bila mtu kuishika bega na kuiuliza inakwenda wapi. Mambo yakazidi kuharibika mwaka 1963, ilipoundwa University of East Africa: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zikawa vyuo vitatu vya chuo kikuu kimoja. Kijana wa Inde au wa Koboko aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, aliyetaka udaktari alibaki Makerere, na wote shahada yao ilikuwa moja. Hakuna aliyelinganishwa na mwenzake. Uzembe huo uliendelea hadi 1970, kila nchi ilipomchukua mwanawe ikamfungia nyumbani.

Viongozi hawajaacha kutujaribu. Kuna mkataba wa Arusha wa 1981 wa kutambua masomo ya Afrika nzima, halafu wa Addis Ababa wa 2014, halafu ule wa UNESCO wa dunia yote, uliopitishwa Paris mwaka 2019. Mikataba inahama vizuri kuliko wanafunzi: ilitoka Arusha ikafika Addis, kutoka Addis ikaona Paris, na hakuna aliyeidai transkripti. Tarehe 20 Mei 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakiwa Dar es Salaam, walitangaza kwamba eneo lote la Jumuiya ni eneo moja la elimu ya juu. Sudan Kusini ilikwisha kuingia 2016, na Kongo ikafuata 2022. Kwa maandishi, basi, mwanafunzi akitoka Kaya au Ariwara kuja Arua hajatoka katika eneo lake la elimu. Ameondoka chumbani akaja sebuleni. Bahati nzuri maandishi hayo yanakaa makabatini mwa wakubwa, na karani wa udahili anajua kilichomo katika kabati lake tu.

Mji wetu nao ulipoanza kujaa vyuo, wengine walihofu kwamba ukaribu utaleta fujo. Muni ilifunguliwa 2013 ikiwa chuo kikuu cha serikali, na Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale kina kampasi hapahapa Arua. Ingewezekana, Mungu apishe mbali, mwanafunzi apande bodaboda asubuhi akiwa mwaka wa pili na ashuke akiwa bado mwaka wa pili. Lakini kila chuo kina senati yake, na senati ndiyo inayoamua somo la jirani ni somo au ni hadithi. Mada zikitofautiana hata sura moja ya kitabu, ni hadithi.

Sijataja bado ajira. Krediti ingekuwa inahama yenyewe, wangapi wangelala njaa? Matokeo ya sekondari ya nje hulinganishwa na baraza la mitihani, UNEB, kule Ntinda. Ya chuo huenda kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, Kyambogo. Mabaraza yote mawili yako Kampala, mwendo wa karibu kilomita 500, na ingawa siku hizi fomu nyingi zinajazwa kwa simu, karatasi halisi bado zinapenda kusafiri. Basi la usiku linaondoka Arua, linavuka Nile Pakwach, linaivuka tena Karuma, ambako wauza mihogo na nyama za vijiti hawajawahi kuwa na chuki na wasomi. Kuna mwenye mashine ya fotokopi. Kuna wakili wa kuapisha, anayethibitisha kwamba nakala inafanana na asili yake. Kuna mtafsiri wa Kifaransa. Mwanafunzi mmoja asiyekubaliwa hulisha familia nyingi kuliko daktari mmoja aliyehitimu, na hulisha mapema zaidi.

Halafu tumfikirie mwenyewe. Kurudia mwaka wa kwanza kunanyenyekeza. Mwanamke aliyezalisha wenzake chini ya mwembe, kwa tochi ya simu, anakaa mstari wa mbele katika Utangulizi wa Uuguzi na kuonyeshwa namna ya kunawa mikono. Anaandika. Safari hii anaelewa kwa nini aya ya pili ya ukurasa wa nne ni muhimu, jambo ambalo kule chini ya mwembe lilimpita. Wazazi wetu walikunywa dawa hiyohiyo. Amin alipoanguka 1979, na hasa vita vya 1980 vilipofika huku, watu wa Nile Magharibi walikimbilia Sudan na Zaire kwa maelfu mengi. Waliporudi, watoto wao walikwisha kupita madarasa ya kila namna, na madarasa hayo huku yalikuwa hewa. Ndiyo maana hapa hukosi mzee anayegawanya kwa Kifaransa na kujumlisha kwa Kiingereza. Angepokelewa darasa lake, angekuwa na lugha moja kama watu wa kawaida.

Mahasidi watasema vyeti vya kughushi vipo, na hilo ni kweli, sitanii. Watasema pia kwamba tiba yake ni rahisi: mpe mtihani. Mweke chumbani saa tatu, karatasi ya maswali mbele yake, uone anajua nini. Kama ni muuguzi, mpeleke wodini umtazame mikono. Pendekezo hili linatembea sana vijiweni, na ni la hatari kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu anaweza kufaulu.

Akifaulu, nani atalipa ada ya mwaka wa kwanza? Ada, tofauti na krediti, haina makuu. Hupokelewa ikitoka popote. Shilingi iliyorushwa kwa simu kutoka Koboko usiku wa manane inafika nzima, pauni ya Juba inabadilishwa sokoni na kuketi katika akaunti pamoja na wenyeji, na dola ya shangazi aliyeko Omaha haijawahi kuulizwa ilisomea wapi.