Karanga za Kujazia Mizani

Dada yangu kanipigia simu kunilaumu kwamba nimemharibia mtoto. Mtoto mwenyewe ni mpwa wangu wa kidato cha pili, anakaa kwangu kwa ajili ya shule. Ametangaza kuwa atakuwa mshairi. Uhasibu, ambao ukoo mzima tulishaukubali kwa niaba yake, hautaki.

Lawama hizo sizipokei peke yangu. Aanze bibi yake. Huyu mtoto kabla hajaanza shule alijifunzia kusoma kwenye kanga za bibi. Sasa jina la kanga huandikwa chini, karibu na pindo; bibi akikaa kwenye kigoda, nusu ya maneno anayakalia. Mtoto mwenye kiherehere atasubiri mpaka ainuke? Anamalizia mwenyewe, tena kwa sauti. Nasikia mengine aliyoyamalizia yaligombanisha majirani kuliko yale yaliyotoka kiwandani.

Baba yake naye alitunza sanduku la magazeti ya zamani ya Sani, mtoto akakua anamjua Lodi Lofa na Ndumilakuwili kuliko anavyowajua baba zake wadogo. Abunuwasi wala simtaji, huyo kaharibu watoto wengi. Na sebuleni kwangu pana chui wa Tingatinga, wa rangi ya mafuta inayong'aa, madoa yamemjaa mpaka yanataka kumwagika ukutani. Mtoto anayekunywa uji kila asubuhi akitazamana na chui wa namna hiyo utamwambia nini kuhusu mizania ya hesabu?

Nikajaribu busara. Nikamweleza kwamba hata Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha. Amri Abedi, aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alikuwa meya wa Dar es Salaam, baadaye waziri wa sheria. Maana yake, kazi kwanza, beti baadaye. Akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza:

"Mjomba, makarani wengine wa forodha wa wakati ule waliitwa nani?"

Nikamwambia akalale.

Tunaoumia ni sisi wa nyumbani. Juzi mke wangu kamtuma dukani sukari na mafuta ya kula. Karudi na sukari, mafuta, na karanga ambazo hakuna aliyeziagiza. Kumbe orodha aliiandika upya njiani kwa mizani kumi na sita, na mstari wa pili ulipungukiwa mitatu. Bila karanga, anasema, lingekuwa shairi guni. Mwenye duka kalisoma, kalisifu, kapokea pesa yangu. Mke wangu naye, badala ya kuniunga mkono, kazikaanga.

Dada anataka sasa tumtafutie mwalimu wa tuisheni ya hesabu. Mshairi kakataa.

"Mjomba, hesabu nafanya kutwa. Beti kumi, kila ubeti mistari minne, kila mstari mizani kumi na sita. Mia sita na arobaini."

Nikatoa simu nikazidisha kwa siri. Mia sita na arobaini, kweli.

"Basi mbona shuleni unapata F?"

"Maswali yao, mjomba, hayana vina."