Ndege Walionyimwa Miguu

Mwaka 1522 merikebu Victoria, iliyosalia katika msafara wa Magellan, ilirudi Hispania imesheheni karafuu. Ndani yake mlikuwamo pia ngozi za ndege wa peponi, zawadi ya sultani wa Bacan, huko Maluku. Watu wa Guinea Mpya, walipowakausha ndege hao kwa biashara ya manyoya, waliwakata miguu. Basi. Mpishi yeyote angeelewa.

Wasomi wa Ulaya hawakuwa wapishi. Waliitazama ngozi mezani, wakatafakari, wakatoa hukumu: kiumbe huyu hana miguu tangu kuzaliwa. Anaelea angani maisha yake yote, chakula chake umande, na jike hutaga mgongoni mwa dume. (Dume hakuulizwa.) Gesner, mtaalamu wa wanyama wa Zurich, akachapisha picha ya ndege huyo mwaka 1555, na wachoraji wengine wakafuata, kila mmoja akimpamba ndege ambaye hakuwahi kumwona akiruka.

Pigafetta, aliyekuwamo safarini, alikuwa ameandika waziwazi kwamba ndege hao wana miguu. Lakini yeye alikuwa amefika huko tu. Angejua nini mbele ya mtu mwenye maktaba? Hata Linnaeus, mwainishaji wa viumbe, mwaka 1758, habari za miguu zikiwa zimekwisha kuzagaa, alimsajili mmoja wao kwa Kilatini kuwa asiye na miguu.

Mwaka 1857 Wallace, mwanaasili Mwingereza, alifika visiwa vya Aru, akawakuta ndege hao mitini wakicheza ngoma ya kutafuta wachumba. Hakuna aliyekuwa amewapelekea habari kwamba hawana miguu.