Ghala la Makufuli Mawili

Paukwa! Pakawa.

Hapo kale, nako si kale sana, Punda wa Detroit waliunda mikokoteni, na wenye karakana walikuwa Fisi. Baada ya miaka mingi ya mateke na meno, sheria ikawaruhusu kujenga ghala la pamoja. Kwa kila saa aliyofanya kazi Punda, Fisi alitia humo kibaba cha shayiri, ili Punda wachanga wafunzwe ufundi. Mlango ukatiwa makufuli mawili: ufunguo mmoja kwa Fisi Meneja, wa pili kwa Punda Mwenyekiti.

"Nani ataiba," wakasema, "na kila mmoja anamchunga mwenzake?"

Miaka ikapita. Meneja akagundua kwamba Punda aliyeshiba hapigi teke. Mazungumzo ya mishahara yalipokaribia, akanong'ona: "Mwenyekiti, umechoka. Hebu tufungue kidogo." Wakafungua. Mwenyekiti akalipiwa deni la zizi lake. Meneja akajinunulia kalamu mbili za dhahabu. Kwa kalamu hizohizo wakatia saini mkataba, na Punda wa karakanani wakashangaa mbona mwaka huu Mwenyekiti hakulia hata mara moja.

Kisheria, daftari la ghala lilikuwa wazi kwa yeyote. Panya mmoja akalifunua. "Mafunzo: vibaba elfu." Akageuza ukurasa. "Mafunzo: vibaba elfu." Akaenda darasani. Madawati yamepangwa sawasawa, na vumbi sakafuni halina alama hata ya kwato moja.

Alipouliza, Meneja na Mwenyekiti wakamjibu kwa sauti moja. Hapo ndipo aliposhtuka: tangu lini hawa wakajibu kwa sauti moja?

Kesi ikafika kwa Kobe. "Lakini kulikuwa na makufuli mawili!" wakalia Punda.

"Na yote mawili ni mazima," akasema Kobe. "Mlango haukuvunjwa, wanangu. Ulifunguliwa."

Anayebisha kwamba wanyama hawajui fedha aulizie kesi ya mwaka 2021: FCA US, watengenezaji wa magari ya Chrysler, walikiri kosa wakatozwa faini ya dola milioni 30, kwa malipo haramu kwa viongozi wa chama cha wafanyakazi cha UAW. Sehemu ya malipo hayo haramu ilipitia kituo cha mafunzo cha pamoja cha kampuni na chama hicho.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Ukiwakuta wamekaa, hesabu majani.