Hongera na Pole kwa Ndoo Moja

Bia yenyewe si mtihani. Maji, kimea, kitu cha kuitia uchungu, na hamira: watu wameipika kwa maelfu ya miaka bila umeme wala cheti. Kinachomtoa mtu jasho ni vyombo. Marekani, tangu Rais Jimmy Carter aliposaini mwaka 1978 sheria ya kuifutia kodi bia inayopikwa nyumbani kwa matumizi ya nyumbani, yapo maduka yanayomuuzia anayeanza sanduku zima: ndoo, mpira, vipimo, hadi mashine ya kugongea vizibo. Dola mia hivi, unakwenda zako. Nikazipigia hesabu dola hizo, nikaongeza nauli ya sanduku na ushuru, nikaona kwa pesa ile naweza kuwanunulia jirani zangu wote bia ya kiwandani mpaka waniombe niwahurumie.

Basi nikaamua kutafuta vyombo vya bei chee hapa hapa Dar es Salaam. Na vipo, tena vingi. Ila duka la bei ghali hukupa mzigo na risiti, chombo cha bei chee hukupa mzigo na swali: "Cha nini?" Na mtu anayepika pombe chumba cha kupanga hana haraka ya kulijibu.

Kwenye ndoo hatuna cha kujifunza kwa Mmarekani. Galoni zake tano ni lita 19, na ndoo yetu ya lita 20 ni kama ilizaliwa kwa kazi hiyo. Unaijaza lita 15 au 16, nafasi inayobaki ni ya povu. Nilianza na ndoo kuukuu ya mama mmoja muuza achari, aliyeniachia kwa bei ya kutupa. Nikaiosha kwa sabuni, kwa ndimu, kwa magadi, nikaianika juani. Plastiki haisahau. Kila nikifunua kifuniko, embe na pilipili wananisalimia. Isitoshe, ndoo iliyokwaruzwa ndani huficha vijidudu vya kuichachua bia ikawa siki. Nikaenda Kariakoo kununua mpya. Nikawa nazipindua kutafuta ile pembetatu ya chini yenye namba 2 au 5, ambazo ndizo plastiki za kawaida za vyombo vya chakula, kisha nanusa. Muuzaji akanitazama weee, akauliza: "Kaka, unanunua ndoo au unaposa?"

Laiti angejua alivyotabiri. Kazi iliyofuata ilikuwa sufuria, na sufuria ya kuchemshia ndoo nzima si ya kununua kwa mshahara wangu. Mtaani kwetu yupo mama mpishi wa shughuli, mwenye masufuria ambamo mtoto anaweza kuogelea. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu.

"Shughuli ya nani, mwanangu?"

"Ya kifamilia tu, mama."

Mwanamume asiye na mke anayeazima sufuria ya pilau ya ukubwa ule, mtaani kwetu ana maana moja tu: posa imekubaliwa. Jioni ile sikulipa salamu hata moja bila kupewa hongera. Dada wa chumba cha pili akataka kujua rangi ya sare. Mzee mmoja akaleta bahasha ya mchango, akasimama palepale mlangoni akisubiri aone jina lake likiandikwa kwenye daftari. Sikuwa na daftari. Akanisubiri nikanunue.

Kimea cha ulezi kilikuja kwa basi kutoka kwa shangazi yangu Rombo, ambaye hakuelewa kwa nini nanunua vyombo. "Vyombo vya pombe huazimwa," alisema, "na kodi yake ni pombe." Nikaona ni maneno ya kijijini.

Ukabaki mpira. Hamira ikila sukari hutoa vitu viwili: kileo na hewa ya kaboni dayoksaidi. Ukifunga ndoo kabisa, kifuniko kitaruka hadi darini; ukiiacha wazi, nzi na vijidudu watakutangulia kuonja. Dawa yake ni kutoboa kifuniko, kupitisha mpira mwembamba na kuzamisha ncha yake kwenye glasi ya maji: hewa ya ndani inatoka ikibubujika, ya nje haipati njia ya kuingia. Ughaibuni wanauza kidude maalumu. Sisi tuna duka la dawa, na duka la dawa lina mpira wa dripu: mpya, safi, unaona ndani, na una kibano cha kuufungia.

"Mgonjwa mko naye nyumbani?" akauliza muuzaji.

"Tuko naye."

Akaniuzia na kipimajoto, akisema wagonjwa wa dripu lazima wafuatiliwe. Kifaa hicho kinaanza nyuzi 35 na kuishia 42. Hamira nyingi za bia zinapenda kati ya nyuzi 18 na 22, kwa hiyo kwa kipimo kile bia nzuri ni maiti. Joto la Dar nalo halihitaji kipimo, linajitangaza lenyewe. Sikuwa na friji, nikatumia njia isiyo na gharama: ndoo ndani ya beseni la maji, khanga mbichi kuizunguka, feni mbele yake. Maji yakikauka kwenye kitambaa huondoka na joto.

Mlango niliuacha wazi upepo upite, na mama mwenye nyumba naye akapita. Alichokiona ni kitu kimefunikwa khanga iliyolowa, mpira wa dripu umetokeza, feni inapuliza, na mimi nimeinama nakamua kitambaa.

"Pole, baba. Homa haijashuka?"

Nikamjibu ukweli mtupu: "Imeshuka kidogo, mama. Ila bado anatoa mapovu."

Kesho yake walioleta pole wakakutana mlangoni na walioleta hongera. Huku uji na machungwa, huku bahasha. Wakaulizana, wakajumlisha, wakapata jibu: bibi harusi ameugua kabla ya ndoa. Ndipo akaitwa mjumbe.

Mjumbe wetu ni mzee wa Marangu, aliyewahi kuuza maziwa. Nikamwamkia, akaitikia huku pua ikifanya kazi. Akasikiliza ile glasi ikibubujika.

"Kama ni gongo, sema mapema."

"Gongo inavukizwa kwa moto, mzee. Hii haina moto."

Akainua kifuniko kama daktari, akanusa, akatabasamu. "Huyu hana homa. Mwache atulie kwanza."

Povu lilipokwisha alirudi na laktomita yake ya zamani, kile kipimo cha uzito wa maziwa. Kujua ukali wa bia kunataka kupima uzito wake mara mbili, kabla na baada ya hamira kufanya kazi, na ile ya kwanza ilikwisha kutupita. Akapima hivyo hivyo. Maziwa halisi husoma kama 30; bia yangu ilisoma 10. "Kwa kipimo hiki," akasema mjumbe, "haya ni maziwa yaliyotiwa maji theluthi mbili. Ningekushitaki." Kisha akamalizia kupima kwa kikombe.

Tulijaza kwenye chupa za soda za plastiki, zilizokwisha kuoshwa na kutakaswa. Zinastahimili gesi, kizibo chake hakitaki mashine, na ukiiminya ikiwa ngumu unajua gesi imeingia. Kila chupa ikapewa sukari kidogo ya kuipa povu. Halafu wenye hisa wakaanza kufika. Mama mpishi hanywi, ila kaka zake wanakunywa na sufuria ni ya ukoo. Mama mwenye nyumba alichukua machicha yote kwa ajili ya kuku wake. Mzee wa bahasha alisema mchango wake usirudishwe, ubadilishwe. Shangazi akataka chupa zake zipande basi. Mimi nilipata ya chini ya ndoo, ile yenye tope.

Mjumbe alipokuja kurudisha chupa tupu, alifunga mlango kwanza, akashusha sauti. "Baba," akasema, "huyu mgonjwa wako ataugua tena lini?"