Zamu ya Baba

Mzazi wa kisasa hanunui kichezeo. Ananunua "maendeleo ya mtoto". Boksi la jairoskopu limeandikwa sayansi, basi bei haiulizwi. Mtoto ataishika dakika mbili. Kisha ni zamu ya baba, na zamu ya baba haina mwisho.

Jairoskopu ya kufaa ni yenye gurudumu zito la chuma, uzito wake ukiwa ukingoni, na ekseli iliyonyooka. Ile ya plastiki nyepesi huchoka mapema. Lakini ina taa! Nani atakataa taa?

Kamba inapitishwa kwenye tundu la ekseli, inaviringishwa, inavutwa kwa mkupuo mmoja. Jairoskopu inawekwa kiubavu juu ya kinara, ncha moja tu ikishika, na haianguki: uzito wake, badala ya kuiangusha, unaisukuma izunguke kinara polepole. Léon Foucault, Mfaransa aliyekipa chombo hiki jina mwaka 1852, alikitumia kuonyesha kwamba dunia inajizungusha. Baba anakitumia kuonyesha kwamba mama asipite karibu na meza.

Mtoto anauliza kwa nini haianguki. "Ni fizikia," anajibu baba, kwa sauti ya mtu aliyeifaulu.

Mtoto, ambaye bado hajaguswa na elimu, anaendelea kutazama. Gurudumu linapungua kasi. Safari ya kuzunguka kinara inaongezeka kasi.

"Baba, mbona ikichoka ndiyo inakimbia?"

"Hebu nenda kaniletee maji ya kunywa."