Mgeni Njoo, Mwenyeji Atembee

Mtu akijigamba kwamba Dar es Salaam ni kwao, kazaliwa huko na kakulia huko, muulize mara ya mwisho aliingia lini Makumbusho ya Taifa. Atakohoa. Atatazama simu ambayo haijaita. Mwisho atasema alikwenda na shule, darasa la nne, na akibanwa zaidi atakiri kwamba anachokumbuka ni juisi. Wenyeji wa jiji lile wanajua njia ya kazini, njia ya Kariakoo na njia ya msibani. Mengine yote wanayaona kwenye televisheni, sawa na sisi wa Kiranjeranje, kule Kilwa, ila sisi tunakaa mpaka kipindi kiishe kwa kuwa hatuna foleni ya kuwahi.

Ndiyo maana mgeni wa kutoka shamba ni mtu wa thamani mjini. Mgeni ni ruhusa. Bila mgeni, baba mwenye nyumba hana namna ya kutoa nauli ya watu sita kwenda kutazama bahari akaonekana ana akili timamu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule Mbagala kwa mpwa wangu hakuna aliyekuwa anaumwa. Walikuwa wanataka kutoka tu.

Mimi nilikuwa na sababu zangu za kwenda. Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, ambayo hakuna binadamu anayeyaita hivyo, huanza 28 Juni na kufungwa 13 Julai, na kilele chake ni siku ya Sabasaba, tarehe ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954. Kwetu Kilwa siku hizo ndizo ufuta umekwisha kupurwa, umepelekwa ghala la chama chetu cha ushirika, AMCOS, umenadiwa, na fedha imeingia benki. Mkulima ambaye tangu mvua za Januari alikuwa anasalimiwa kwa kupungiwa mkono, ghafla ana ukoo mkubwa. Kadi ya jando. Kadi ya unyago. Kadi ya harusi ya watu ambao mwaka jana nilichangia ndoa yao nyingine. Kwetu ufuta ukiuzwa ngoma zinaanza, na ngoma zikianza mchango unakufuata mpaka kisimani. Mwenye busara husafiri.

Barabara yenyewe ni moja. Sisi tunaiita barabara ya Dar, wao wanaiita Barabara ya Kilwa, na viwanja vya Sabasaba viko kandokando yake. Maana yake ukitoka Kiranjeranje ukashika kaskazini bila kukata kona, ukapita Nangurukuru, Somanga, Daraja la Mkapa, Ikwiriri, Kibiti na Mkuranga, baada ya kilomita zaidi ya 300 utajikuta unatazamana na geti la maonesho. Wazee wanaokumbuka kivuko cha Ndundu, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003, hawaiiti hii safari. Kwao safari ni ile ya kulala ukingoni mwa Rufiji na mbuzi wa mtu mwingine. Mimi nililala ndani ya basi nikaamkia Rangi Tatu, na kuku wangu wawili, nazi, ufuta kidogo wa kupikia na kiroba cha mihogo mikavu.

"Shikamoo mjomba! Tumekupangia," alisema mpwa wangu kabla sijaketi, akafungua daftari. Kila mstari ulianza kwa maneno yaleyale: mjomba apelekwe. Mjomba apelekwe Coco Beach. Mjomba apelekwe Sabasaba. Mjomba apelekwe Makumbusho, apandishwe pantoni ya Kigamboni, apandishwe treni ya umeme mpaka Morogoro na kurudi. Nikauliza kama wao wameshaipanda hiyo treni, maana ilianza kubeba abiria 2024.

"Tulikuwa tunakusubiri wewe, mjomba," akajibu mumewe, mkwe wangu, macho yakiwa kwenye mpira.

Watoto walikuwa wameshanunuliwa viatu vya kumtembeza babu.

Coco Beach nitaipitia haraka, kama ilivyonipitia. Tulibadilisha daladala mara kadhaa tukafika Jumapili jioni, saa ambayo nusu ya jiji nayo ilikuwa imepata wageni. Nikaonyeshwa Bahari ya Hindi. Wote wakanitazama usoni. "Unaionaje, mjomba?" Nikasema ni kubwa. Wakafurahi sana. Kisha wakapanga foleni ya mihogo ya kukaanga, wakaila kwa kachumbari na pilipili mpaka machozi yakawatoka, watoto walewale ambao nyumbani niliambiwa hawali mihogo. Kiroba changu kilikuwa jikoni, hakijafunguliwa hata kamba.

Sabasaba ndiyo ilikuwa kazi. Mkwe alishikilia twende tarehe saba yenyewe, kwa hoja kwamba siku nyingine hakuna watu. Nilidhani hiyo ni sifa ya siku nyingine. Kumbe mjini watu ndio maonesho. Kutoka Rangi Tatu mpaka getini hapakuhitaji ramani, ni njia moja iliyonyooka, lakini mkwe alijua mkato, tukashuka kabla, tukazunguka uchochoro mmoja mara nyingi hata mama muuza maandazi akaanza kutupa pole. Mwishowe niliulizia mimi. Mgeni haoni aibu kuulizia, na mwenyeji haruhusiwi.

Ndani, msafara wetu ulikokotwa moja kwa moja mpaka banda la Maliasili, ambako huletwa wanyama hai. Tulisimama juani na kusukumana kwa muda ambao kwetu mtu angepalilia matuta ya kutosha, ili tumwone simba. Simba alikuwa amelala. Alikuwa amegeuzia umma mgongo kwa namna ambayo ilinifanya nimheshimu. Mama mmoja mwenye kofia pana akamwomba mhudumu amwamshe kidogo, watoto wametoka mbali, Kimara.

"Babu, kwenu wapo?" mjukuu akaniuliza.

"Wapo, ila hawana banda. Kwetu ukikutana na simba, wewe ndiye unayetaka kuondoka. Huyu hapa anatamani kuondoka yeye."

Kutoka hapo nikanaswa na binti mmoja aliyekuwa akiuza mafuta ya ufuta kwenye chupa ndogo sana, yenye lebo nzuri sana. Alinieleza kwamba ufuta unalainisha ngozi, unaimarisha mifupa na unatoka kwa wakulima wa kusini, Lindi huko, ndani ndani. Nikauliza ndani ndani wapi. Akacheka kwa adabu: "Mzee wangu, hata nikikutajia huwezi kupajua." Nikanunua chupa mbili. Tangu nianze kulima zao hilo hakuna mtu aliyewahi kulisifia mbele yangu kwa maneno matamu namna ile. Kwenye mnada wanazungumzia takataka na unyevu.

Tulipohesabiana mlangoni mwa banda, watoto walikuwepo, mpwa alikuwepo, mimi nilikuwepo. Mkwe hakuwepo. Simu yake haikupatikana, kwa sababu, tulivyokuja kujua, chaji yote ilikwisha akimrekodi simba mgongoni. Mpwa akaanza kutetemeka, na mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa, nikaenda kwenye kipaza sauti panapotangazwa watoto waliopotea.

"Jina la mtoto?"

Nikataja.

"Amevaa nini?"

"Jezi ya Yanga."

Kijana akainua macho akatazama bahari ya kijani na njano iliyokuwa ikipita mbele yetu. "Umri?"

"Arobaini na miwili."

Akaweka kalamu chini taratibu. Akaniuliza mimi nimetokea wapi. Nilipomjibu, akaguna kama mtu aliyepata ufumbuzi, akashika kipaza sauti na kutangaza, viwanja vizima vikasikia, kwamba kuna mzee kutoka Kiranjeranje amepotezana na familia yake, wenye naye wafike upesi, mzee yuko salama na anaonekana ana njaa.

Hapo ndipo simu ya mpwa ilipoita. Alikuwa jirani yake wa Mbagala, naye yumo humo humo viwanjani. "Shoga, baba watoto nimemwona Magereza."

Sitaweza kuandika ukelele alioutoa. Watu walipisha njia. Mama mmoja asiyemfahamu akavua kitenge chake akamfunga kiunoni, akamwambia ajikaze, wanaume ndivyo walivyo. Mjukuu mkubwa akauliza kama baba atarudi kabla shule haijafunguliwa. Ikabidi nimkumbushe mpwa kwamba Jeshi la Magereza lina banda lake Sabasaba kila mwaka, na kwamba samani zake zinasifika mji mzima. Tulimkuta mkwe humo, ameketi kwenye kiti cha mbao kipana chenye mikono, amelala usingizi wa haki, mdomo wazi, na wateja wawili wakimzunguka wapime upana wa mgongo.

"Huyu ni wenu?" askari akauliza. "Tumeshindwa kuuza kiti tangu saa sita. Kila anayetaka kukijaribu anaona haya kumwamsha."

Ningefanya nini? Nikakinunua. Ndivyo fedha ya ufuta, iliyokwepa kadi zote za Kiranjeranje, ilivyokwenda kumtoa mkwe wangu Magereza.

Ya Makumbusho yalitokea siku nyingine. Mkwe, akiwa na deni la heshima, alisema safari hii ataongoza yeye. Akatupandisha daladala iliyoandikwa Makumbusho ubavuni, tukashushwa kituo cha Makumbusho, Kijitonyama, ambako kweli kuna makumbusho, ila ni Kijiji cha Makumbusho, kile kilichofunguliwa 1967 chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Hakukiri kitu. Alisema alitaka tuanzie hapo. Wajukuu wakaingia nyumba ya udongo na miti, wakagusa kuta kwa vidole, wakanong'ona. "Babu, zamani watu walikuwa wanaishi humu?" Nikatazama paa la makuti, nikatazama mafiga. Nikasema ndiyo, zamani. Jiko langu liko hivyo hivyo, na mlango wake ni mbovu kuliko ule.

Tulipofika Makumbusho ya Taifa kwenyewe, Mtaa wa Shaaban Robert, walioulizia njia walikuwa mimi na mjukuu mdogo. Wajukuu walitaka dinosaria. Nikawaambia dinosaria wetu wa Tendaguru, wa mkoa wetu wa Lindi, hayupo. Wajerumani walichimba mifupa pale kuanzia 1909 mpaka 1913, wakaibebesha watu vichwani mpaka bandari ya Lindi, na mkubwa wa dinosaria hao sasa amesimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya meta 13. "Alikwenda kutembea?" mdogo akauliza. Nikasema alipelekwa, kama babu.

Kwenye habari za Kilwa mkwe alipata nguvu mpya. Akasimama kifua mbele akaanza kunisomea mimi, mtu wa Kilwa, habari za Kilwa. Kwamba Ibn Battuta alifika huko 1331. Kwamba masultani walifua sarafu zao wenyewe. Mimi nikaongezea kwamba sarafu tano kati ya hizo ziliokotwa na askari visiwani kaskazini mwa Australia mwaka 1944, na hakuna anayejua zilifikaje. Shaba ya Kilwa ilitembea, na haikuwa na mpwa huko.

"Babu, Kilwa Kisiwani kwenyewe kukoje?"

Swali la mtoto halina adabu kwa sababu halina kona. Nikamwambia Kisiwani nakuona kila nikienda Kilwa Masoko, na huo ni ukweli mtupu: ukisimama gatini, kisiwa kile pale ng'ambo, na chombo cha kukuvusha kipo. Mpwa wangu, ambaye mama yake ni dada yangu na ambaye amerithi macho yake, akanitazama kidogo.

"Hajafika huyo."

"Nilikuwa nawasubiri nyinyi," nikasema.

Papo hapo wakaamua waje Desemba, shule zikifungwa, wote sita, pamoja na jirani aliyeona Magereza. Daftari likatolewa tena. Safari hii sikuona limeandikwa mjomba apelekwe. Liliandikwa mjomba atupeleke.

Kilichobaki kilikuwa kiti. Alfajiri Rangi Tatu, buti la basi lilikuwa limejaa mizigo ya Kariakoo, konda akakizunguka kiti mara mbili akaniuliza kama naye ni abiria. Tukapatana nusu nauli, kikawekwa njiani katikati ya viti. Vikindu akapanda mama mmoja mnene mwenye ndoo, akakikalia, konda akamdai nauli nzima. Nikamwambia konda kiti hicho nimekilipia. "Umelipia mzigo, mzee. Nafasi hujalipia." Abiria wakagawanyika. Upande wa dirisha walikuwa na mimi, wa nyuma walikuwa na mama, na hoja zikaendelea mpaka tulipovuka Daraja la Mkapa, mama akainama kuchukua ndoo yake, akaona lebo chini ya mkono wa kiti. Akasoma. Akasimama wima kana kwamba kimemuunguza.

"Cha Magereza? Mimi sikai. Nina kesi ya shamba mwezi ujao."

Tulipofika Somanga, abiria wapya wakigombania mlango na wauza samaki, konda akatoa kichwa nje: "Magereza nafasi moja ipo! Nani anaingia?"